Usinunue nyongeza ya gemu kabla hujajua unachokikosa

JUMAMOSI moja alasiri huko Mkongani, kaunti ya Kwale, vijana wanne walikuwa wameizunguka laptopu ya mitumba chini ya mwembe, waya wa umeme umevutwa kutoka dirishani. Ungepita kwa mbali ungedhani wanatazama mpira. Lakini hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Walikuwa wamenuna. Kwenye simu ya mmoja wao kulikuwa na shilingi 4,000 walizochanga, na swali moja lilikuwa limewashinda: wanunue nyongeza gani ya gemu yao?

Najua kuna mtu mzima atakayesoma hapa acheke. Ati vijana wazima wanagombana kwa sababu ya gemu! Lakini wewe kijana mwenzangu unajua kwamba ugomvi ule haukuwa wa gemu tu. Ulikuwa wa pesa zilizotoka kwenye kibarua, kwenye pikipiki na kwenye magunia ya machungwa. Pesa ikishatoka jasho, kila shilingi ina mdomo wake. Kwa hivyo leo tulizungumze jambo hili kwa uzito wake, bila kuchekana.

Gemu yenyewe ni Civilization VI, iliyotoka Oktoba 2016. Kama huijui, ni mchezo wa kujenga taifa tangu enzi za mawe hadi enzi za roketi. Unaanza na watu wachache wanaotafuta pa kukaa, unajenga mji, unalima, unafanya biashara, unapigana au unapatana na majirani. Mchezo mmoja unaweza kukuchukua wiki nzima ya jioni. Vijana hawa waliipata bure. Mei 2020 duka la Epic Games liliigawa bila malipo kwa wiki moja, na mmoja wao akaidaka. Tangu hapo wamecheza mpaka vidole vimejua njia vyenyewe.

Shida ni kwamba gemu za aina hii haziuzwi zikaisha. Kila baada ya muda kampuni inatoa nyongeza: kanuni mpya, mataifa mapya, majengo mapya, na kila moja na bei yake. Civilization VI ina mbili kubwa. Ya kwanza ni Rise and Fall, ya Februari 2018. Ya pili ni Gathering Storm, ya Februari 2019. Zilipotoka, ya kwanza iliuzwa takriban dola 30 na ya pili dola 40. Tukipiga dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 3,900 na shilingi 5,200. Sasa unaona moto ulipowakia. Wawili walisema, "Tuna elfu nne, tuchukue Rise and Fall leo leo." Wawili wakasema, "Tungoje, tuongeze, tuchukue ile kubwa."

Msimamo wa safu hii ni mmoja. Nyongeza nzuri ni ile inayojaza pengo ambalo wewe mwenyewe umelihisi ukicheza. Kama huwezi kulitaja pengo hilo kwa sentensi moja, bado hujafika wakati wa kununua.

Wazee wetu walilijua hili zamani kupitia bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini anayeanza hatupwi humo moja kwa moja. Kuna bao la kujifunza, ambapo kete zote hutandazwa mbili mbili katika kila shimo na mchezo ukaanza. Ukishaiva ndipo unaletwa kwenye bao kamili: kete chache ubaoni, 22 mkononi, unazinamua moja moja huku ukiilinda nyumba yako. Hakuna mzee anayemfundisha mtoto siri za nyumba kabla mtoto hajajua kula kete. Na hakuna mtoto anayelalamika kwamba bao la kujifunza ni bovu. Ni hatua tu.

Gemu ya msingi ndiyo bao lako la kujifunza. Imalize kwanza. Simaanishi kuishinda mara moja ukajipiga picha. Namaanisha uishinde kwa njia tofauti: kwa vita, kwa sayansi, kwa utamaduni, kwa dini. Cheza na Kongo ya Mvemba a Nzinga, ambayo imo kwenye gemu ya msingi (na hapa simaanishi ule msikiti wa Kongo wa Diani!). Tafuta Zanzibar, ambayo pia imo kama mji huru. Ukiwa mshirika wake mkuu inakupa karafuu na mdalasini. Ukishafanya yote hayo, ndipo utaanza kusema: "Hapa mchezo unanichosha." Hayo maneno yako mwenyewe ndiyo orodha yako ya kununua.

Tuchukue mifano. Pengine umechoshwa na jinsi unavyoweza kuteka mji wa mbali kabisa na watu wake wakatulia kimya kama kwamba hakuna kilichotokea. Basi pengo lako ni la siasa za ndani. Hapo Rise and Fall inakufaa. Inaleta uaminifu wa miji: mji ulio mbali nawe na karibu na jirani mwenye nguvu unaweza kukuasi. Inaleta enzi za dhahabu na enzi za giza, kulingana na ulivyofanya katika kipindi kilichopita. Inaleta pia magavana, ingawa hawa, tofauti na wetu wa kaunti, hawapigiwi kura. Unawateua wewe na kuwatuma mji unaoutaka. Na kwa sisi watu wa pwani kuna zawadi ndani yake: Kilwa Kisiwani imo kama moja ya maajabu ya dunia unayoweza kuyajenga.

Au pengine umechoshwa na ardhi isiyo na maisha. Unalima miaka elfu mbili na mvua haijakukosea hata siku moja. Mtu wa Mkongani akiona hivyo lazima acheke, kwa sababu anajua masika ikichelewa mahindi yanavyokuwa. Hapo pengo lako linajazwa na Gathering Storm. Humo mito inafurika, ukame unapiga mashamba, volkano zinalipuka na dhoruba zinavunja ulichojenga. Ukichoma makaa ya mawe na mafuta kupita kiasi, joto la dunia linapanda, bahari inapanda, na maeneo ya chini ya pwani yanamezwa na maji. Unajenga mabwawa na kuta za kuzuia bahari, au unalia. Mansa Musa wa Mali naye yumo.

Na hapa kuna jambo ambalo duka halitakupigia kelele. Gathering Storm inakuja na kanuni kuu za Rise and Fall ndani yake. Magavana wamo, uaminifu wa miji umo, enzi za dhahabu na za giza zimo. Kile ambacho hakimo ni mataifa na viongozi waliokuja na Rise and Fall. Hao mpaka uinunue yenyewe. Kwa hivyo anayetaka kanuni mpya na ana uwezo wa kununua moja tu, aichukue ya pili hata kama ni ghali zaidi. Anayetaka Shaka wa Wazulu au Wamongolia, au ambaye roho yake iko Kilwa, aanze na ya kwanza. Wale wawili wa Mkongani waliotaka kununua "leo leo" walikuwa wakitaka magavana. Hawakujua kwamba magavana hao wangewapata pia kwenye ile kubwa.

Tukitoka hapo, twende kwenye hesabu. Usihesabu kwa dola, kwa sababu dola haikuumi. Hesabu kwa siku zako. Tuseme kibarua chako kinakupa shilingi 500 kwa siku. Rise and Fall kwa bei yake kamili ni karibu siku nane za jua. Gathering Storm ni zaidi ya siku kumi. Zote mbili ni siku kumi na nane. Jiulize: ningekubali kufanya kazi siku kumi na nane, nisile, nisitumie, ili nipate hizi mbili? Kama jibu ni ndiyo bila kusita, haya. Kama umesita, umejijibu.

Kisha ongeza gharama zile ambazo hazijaandikwa kwenye bei. Civilization VI peke yake inakula zaidi ya gigabaiti 10, na nyongeza zina mzigo wake. Kwa bando la simu hiyo ni pesa nyingine. Wengi huona heri kupanda gari hadi Kwale mjini au Ukunda, wakae kwenye Wi-Fi nusu siku. Nauli hiyo nayo iandike. Halafu itazame laptopu yako. Kama gemu ya msingi tayari inaifanya ivume kama mashine ya kusaga nazi, ujue kila nyongeza itaizidishia mzigo. Kuna watu wamenunua nyongeza tatu wakaishia kutazama skrini iliyoganda. Pengine pesa hiyo ilipaswa kununua RAM.

Jambo lingine dogo linaloliza watu: nunua nyongeza kwenye duka lile lile ulikotoa gemu. Gemu ya Epic haikubali nyongeza uliyoinunua Steam. Ukiona punguzo zuri upande wa pili, usikimbilie kabla hujaangalia yako ilitoka wapi.

Sasa tuje kwenye kuchanga. Wengi wetu hatuna kompyuta kila mmoja, na hilo si aibu. Kwa Civilization VI hata ni faida. Gemu hii ina mtindo wa kupokezana kiti: watu kadhaa kwenye mashine moja, kila mmoja na taifa lake, ukimaliza zamu yako unampisha mwenzako. Nyongeza moja inatosha wote. Lakini kama kila mtu yuko kwake na mnacheza kupitia mtandao, mambo yanageuka: kila mmoja lazima awe na nyongeza ile ile ndipo mcheze nayo pamoja. Wanne wakitaka Gathering Storm hivyo, ni kununua mara nne.

Si gemu zote zilizo na sheria hiyo. Europa Universalis IV, gemu ya mikakati nzito kuliko hata Civilization, inafanya kinyume. Ilitoka mwaka 2013 na imerundikiwa nyongeza nyingi kiasi kwamba mgeni akiliona lile orodha anaweza kukimbia. Lakini mkicheza pamoja kwenye mtandao, nyongeza za yule mwenye kuandaa mchezo ndizo zinazotumika kwa wote. Mmoja akinunua, kundi zima limepata. Na tena kwa mpenzi wa historia ya kwetu, gemu hiyo inaanza mwaka 1444, na Kilwa, Mombasa na Malindi zimo, unaweza kuzitawala bila kulipia nyongeza yoyote. Ukishaijaribu Kilwa hadi Wareno wakutokee baharini na ukatamani safari ndefu zaidi, basi kuna nyongeza ya mwaka 2021 iitwayo Origins iliyotengenezwa kwa ajili ya mataifa ya Afrika. Unaona sasa? Kwa mtu huyo wa Kilwa, orodha ndefu imekuwa jina moja tu. Yaliyobaki hayamhusu.

Hilo linatuleta kwenye subira. Kwanza, usinunue siku ya kwanza. Aprili 2021 gemu hiyo hiyo ya Europa Universalis IV ilitolewa nyongeza iitwayo Leviathan. Ilijaa hitilafu kiasi kwamba wachezaji waliishushia maoni mabaya kupindukia, na watengenezaji wakaomba radhi hadharani. Waliongoja wiki chache walijua. Walioharakisha walilipia kazi ya kujaribu bidhaa. Pili, ngoja punguzo. Gemu za zamani hushushwa bei mara kadhaa kwa mwaka, mara nyingine nusu au zaidi, na mara nyingi gemu na nyongeza zake zote hufungwa pamoja kwa bei ndogo kuliko kuokota moja moja. Toleo jipya, Civilization VII, lilitoka Februari 2025. Wanaokimbilia mapya wakishahama, sisi wa nyuma ndio tunaokula kwa bei nafuu. Gemu haiozi.

Tatu, jua haki yako ya kurudisha. Kwenye Steam, kwa kawaida unaweza kuomba kurudishiwa pesa za nyongeza ndani ya siku 14, mradi tangu uinunue hujaicheza gemu hiyo kwa saa mbili. Maduka mengine yana masharti yake. Yasome kabla ya kulipa. Kwa hivyo usinunue usiku wa Ijumaa ukacheza mpaka alfajiri, halafu Jumamosi ndiyo ujiulize kama uliitaka.

Na la mwisho katika haya ya pesa, ambalo sitalizungusha: usikope. Siku hizi mkopo uko kidoleni. Kadi ya kulipia mtandaoni nayo unaitengeneza kwenye simu dakika mbili. Kati ya tamaa na deni hakuna hata mlango wa kugonga. Mkopo wa simu wa kununulia gemu utakwisha kulipwa wakati hamu ya ile gemu imeshakwisha zamani. Kama huna, huna. Cheza ulicho nacho.

Turudi sasa chini ya mwembe. Ubishi ulipopamba, mmoja wao alikuwa kimya muda wote. Yeye alikuwa ametoa shilingi 1,500 kati ya zile 4,000, zaidi ya wenzake wote, na alikuwa upande wa "leo leo". Mwenzake akamuuliza kwa utani, "Kwani wewe una haraka ya nini?" Akainama. Baadaye kidogo akasema pesa ile ilikuwa ya mbegu. Mamake alimpa anunue mbegu za mahindi kabla ya masika, na yeye akapiga hesabu kwamba atairudisha kabla mvua haijagonga. Alitaka wanunue upesi ili asipate nafasi ya kufikiria.

Hakuna aliyemcheka. Yule mwenye simu alimrudishia pesa yake hapo hapo, ujumbe ukalia, na mazungumzo yakabadilika. Zilibaki 2,500. Haitoshi hata ile ndogo kwa bei kamili. Wakakubaliana mambo matatu: pesa ya kuchanga iwe ni ile isiyo na kazi nyingine, wangoje punguzo la Gathering Storm, na mpaka hapo kila mmoja ashinde mchezo mmoja kwa njia ambayo hajawahi kuitumia. Hadi ninapoandika haya hawajanunua. Niliambiwa yule wa mbegu ndiye anayeongoza sasa, anacheza na Kongo, na amekataa kabisa kupigana vita.

Nimekusimulia hayo si kwa sababu gemu ni mbaya. Gemu za mikakati zinafundisha kitu ambacho darasani tunakisikia tu: kwamba rasilimali ni chache, kwamba kila ukichagua hili umeliacha lile, na kwamba jirani yako naye anapiga hesabu zake. Lakini itakuwa kichekesho mtu atawale taifa zima kwenye skrini kwa busara, apange nafaka, apange hazina, apange miaka mia mbele, halafu ashindwe kupanga shilingi elfu nne za mfukoni mwake.

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, kabla hujabonyeza kitufe cha kununua, chukua karatasi. Andika pengo ulilolihisi. Andika nyongeza inayolijaza, na uhakikishe kanuni zake hazimo kwenye nyingine. Andika siku za kazi, bando na nauli. Andika mnacheza wangapi na kwa mtindo gani. Mwisho kabisa andika pesa hiyo ilikuwa ya nini kabla haijawa ya gemu.

Ukikwama kwenye mstari huo wa mwisho, funga duka. Rudi kwenye mchezo wako wa sasa. Zamu ni yako.